Foto ya Tanjore yenye watu wanapita mbio

Wandugu, leo siongei mambo ya mbegu. Ao labda nitaiongea, mutaona.

Linnaeus Tripe alikuwa kapiteni wa jeshi la Waingereza kule India. Mwaka 1858 alifika Tanjore (siku hizi Thanjavur), upande wa kusini, na kamera kubwa ya kutumia negatifu za karatasi yenye kupakwa nta. Hekalu la Shiva liko pale tangu wakati wa mfalme Rajaraja wa Kwanza. Lilimalizika karibu mwaka 1010. Munara wake wa graniti unapita metre 60.

Foto za munara njo kila mutu anaonesha. Ni nzuri, nakubali, kivuli kinakata vizuri kila ngazi ya mawe. Lakini karibu hauoni mutu. Hekalu lenye watu wanasali kila siku linafanana na nyumba yenye wenyewe walihama.

Mimi napenda ile ingine: foto 21 zilizounganishwa kuwa utepe mumoja, karibu metre 6, juu ya maandishi ya Kitamil yaliyochongwa kwenye musingi. Hapa hakuna munara, hakuna mbingu. Ni ukuta tu, na herufi, na herufi tena. Watu wanaipita mbio juu wanaona haina uzuri.

Kumbe yale maandishi ni daftari ya shamba! Wenye kuyasoma wanatuambia: vijiji vyenye vilipaswa kutoa mupunga, kiasi gani, kondoo 96 kwa kila taa moja, ili wachungaji walete siagi ya kuiwasha bila kuzimika. Munara ulisimama juu ya mupunga na kondoo, na ile foto ya musingi njo inaonesha wapi iliandikwa. Tena inakulazimisha kutembea: kwenye telefone nilisukuma kidole polepole, sawa mutu anayezunguka hekalu. Kasoro yake, inanyoosha kila kona ya ukuta kuwa mustari mumoja.

Ilinichoma kidogo. Katika kazi yangu ya lisansi niliweka foto za mihogo, mashamba mazuri, bila mutu. Daftari ya mama mwenye shamba, kilo na madeni, ilikuwa wazi mbele yangu pa meza. Sikuipiga.

Mwaka 1859 gavana mupya wa Madras, Charles Trevelyan, aliona kazi ya Tripe ni anasa, akaisimamisha. Bahati, ule utepe ulikuwa umekwisha kutoka.