Kauli ya Morrígan na Wajibu wa Mfasiri

Katika Táin Bó Cúailnge, masimulizi ya kale ya Ayalandi kuhusu vita vya kugombea fahali, nathari husimulia na ushairi hutamka. Morrígan, mungu wa kike wa vita, hutua jiweni kwa umbo la ndege, akamwonya fahali kwa mishororo mifupi isiyo na vina, yenye maneno mazito. Ugumu huo si kasoro ya fani, bali ndio dhima yake: kauli ya mungu haieleweki upesi. Mfasiri anayeilainisha ikawa nathari humvua Morrígan uungu, akabaki ndege wa hekaya tu. Thomas Kinsella, katika tafsiri yake ya Kiingereza ya 1969, aliuhifadhi ushairi huo pamoja na kiza chake. Hapo ndipo uaminifu wa tafsiri upimwapo.