Rosa si jina la kutukania

Ndugu msomaji, wewe uliye Musasa, Bwagiriza au Kavumu, na wewe mfanyakazi wa shirika unayetutembelea na daftari lako, leo tuongee juu ya Rosa Mistika. Ni riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Mtanzania wa kisiwa cha Ukerewe, na ilitoka mwaka 1971. Hapa Kinanira tuna nakala moja tu. Imepita kwa vijana wengi wa kikundi chetu mpaka jalada limeachana na kurasa.

Kwa ambaye hajaisoma: Rosa ni binti wa Zakaria, baba mlevi na mkali. Mvulana anayeitwa Charles anamwandikia barua, baba anaikamata, na Rosa anachapwa vibaya sana. Tangu hapo anakua akiogopa wavulana kama moto. Halafu anaenda sekondari ya wasichana, ya masista, mbali na macho ya baba. Kamba inakatika. Anaanza kwenda na wanaume, anaendelea hivyo mpaka chuo cha ualimu Morogoro, anatoa mimba. Mwishoni anataka kutulia na kuolewa na Charles, lakini Charles anapojua ya nyuma anamuacha, na Rosa anajiua.

Kitabu kilipotoka, kilikatazwa mashuleni Tanzania. Miaka ilipita, kikaruhusiwa, na wanafunzi wa sekondari wakakisoma. Yaani wakubwa wenyewe walichelewa kukubaliana kama Rosa anafaa kusikilizwa.

Kwetu pia vijana waligawanyika. Upande mmoja ulisema: Rosa alijiharibu mwenyewe, mbona wasichana wengine walisoma palepale wakatoka salama? Upande wa pili ukajibu: hapana, muuaji ni Zakaria, fimbo yake ndiyo iliyompeleka kaburini. Bon, mjadala ulikuwa mzuri. Shida ilikuja baadaye. Dada mmoja wa kikundi alionekana usiku akishuka kwenye pikipiki ya mwanaume, na kesho yake wavulana wakaanza kumuita Rosa. Basi, jina likashika. Watoto barabarani wakalirudia, hata wasiojua kusoma. Wiki mbili hakuja kwenye kikundi.

Ndiyo maana naandika. Nasema wale vijana hawakukisoma kitabu, walikiokota tu kama jiwe la kumtupia mtu. Kezilahabi hakuanza na wanaume wa Rosa. Alianza nyumbani, na baba, barua na fimbo. Anayemuita dada wa watu Rosa ameruka mwanzo wote wa hadithi, amebakiza kitanda peke yake.

Lakini sikubaliani kabisa na upande wa pili pia, na hapa najua baadhi ya wafanyakazi wa mashirika hawatafurahi. Tukisema kosa lote ni la Zakaria, tunamfanya Rosa kitu kilichosukumwa tu, kama mtumbwi usio na kasia. Soma vizuri. Rosa anajua anachofanya. Anadanganya, anaficha, kuna mahali anafurahia nguvu yake juu ya wanaume. Ana akili, na akili hiyo anaitumia vibaya. Ndiyo sababu anatuuma moyoni: tunamuona mtu aliyekuwa na uwezo wa kwenda njia nyingine, na bado tunaelewa kwa nini hakwenda. Fomu zetu za kazi zina mahali pa kuandika mhanga na mahali pa kuandika mkosaji. Rosa haingii kwenye kisanduku kimoja. Wasichana ninaofanya nao kazi pia hawaingii.

Na mwandishi mwenyewe? Alikuwa kijana asiyefika miaka 30 alipotoa kitabu hiki, na nampa heshima kwa kuthubutu. Ila namdai kitu. Wanaume waliopita kwa Rosa wengi wanaondoka zao, kimya, kama abiria wanaoshuka basi. Nauli yote analipa yeye. Charles anamtaka msafi, na hadithi haimuulizi kwa nguvu ya kutosha: wewe ni nani wa kudai? Na kifo kinamaliza maswali haraka mno. Mimi ningetaka Rosa abaki hai, afundishe watoto, akutane na Charles sokoni miaka kumi baadaye. Hiyo ndiyo hadithi ngumu zaidi, na ndiyo tunayoishi huku uhamishoni: mtu amekosea, mtaa wote unajua, na kesho lazima achote maji kwenye bomba lilelile na watu walewale.

Wazazi wetu wanafunga mabinti ndani juu ya woga. Nawaelewa: tumekimbia vita, nyumba ni ya kupanga, jirani hatumjui. Lakini Zakaria naye alifikiri analinda. Binti aliyefundishwa kuogopa tu, siku woga ukiisha hana kingine mkononi.

Yule dada amerudi kwenye kikundi. Aliomba kitabu, akakaa nacho siku nne. Alipokirudisha aliwauliza wale wavulana swali moja: kati yenu, nani ni Charles? Hakuna aliyejibu. Jumamosi ijayo tunaendelea kutoka hapo.