Msema Pweke Hakosi: Maisha ya Tippu Tip katika Nakala Yetu ya Kamenge

Nakala ya kitabu hiki inayozunguka miongoni mwetu wanafunzi hapa Kamenge ni fotokopi ya fotokopi. Katika toleo lililochapwa, Kiswahili kiko ukurasa mmoja na Kiingereza kiko ukurasa unaotazamana nao. Mwenzetu aliyekitoa fotokopi alitaka kupunguza gharama, kwa hiyo aliziruka kurasa zote za Kiingereza pamoja na utangulizi. Sisi tunasoma Kiswahili, alisema, hayo mengine ya nini? Nilimwona yuko sahihi. Baada ya kukisoma kitabu mara ya pili nimebadili mawazo, na makala haya yanaeleza kwa nini.

Kitabu chenyewe ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe. Mwandishi alikuwa mfanyabiashara wa Unguja aliyejipatia mali na utawala barani, hasa Maniema, kwa pembe za ndovu na kwa watumwa. Aliporudi Unguja uzeeni aliandika habari zake, na Mjerumani Heinrich Brode akazichapisha Berlin mwaka 1902 na 1903, maneno ya Kiswahili pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Mwandishi alifariki mwaka 1905. Zaidi ya miaka hamsini baada ya chapa ya Berlin, W. H. Whiteley aliyatayarisha upya maneno hayo na kuyatafsiri kwa Kiingereza. Yakatoka kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki mwaka 1958 na 1959, kisha East African Literature Bureau ikayapiga chapa tena mwaka 1966. Mwaka 1974 François Bontinck alitoa tafsiri ya Kifaransa mjini Bruxelles, yenye maelezo mengi ya kihistoria.

Kwanza nikisifu kitabu panapostahili sifa. Hii ni nathari ya Kiswahili iliyoandikwa kabla ya Kiswahili kusanifishwa, na inakwenda mbio. Mwandishi hapambi. Anataja watu, njia, bei na ugomvi, kisha anaendelea. Anayetaka kujua kiambishi -ka- kinavyobeba masimulizi hatapata mfano bora kuliko huu: mtu anaondoka, anafika, anapigana, anapata pembe, anaondoka tena, na kitenzi kimoja kinausukuma kingine. Kwa mwanafunzi wa isimu ni hazina. Kwa mwanafunzi wa historia pia, kwa sababu ni nadra kumpata mtu wa nafasi yake akisimulia mwenyewe jinsi alivyokutana na Livingstone, Cameron na Stanley, akiwatazama wao badala ya kutazamwa.

Lakini mbio hizo hizo ndizo zinazoficha mambo. Katika mnyororo wa -ka-, kuchoma kijiji na kupima pembe ni vitendo viwili vinavyofuatana, vyenye uzito sawa. Hakuna mahali pa kusimama na kuuliza nini kiliwapata waliobaki nyuma. Pembe zinapimwa kwa frasila, na kila frasila ni kama kilo 16. Watu waliozibeba mabegani kutoka Maniema hadi pwani hawapimwi hivyo. Wapo, kwa kuwa bila wao safari isingewezekana, ila wanapita kama mizigo mingine.

Mfano ulionifanya nirudie kitabu ni kisa cha Utetera. Tippu Tip anasimulia jinsi alivyosikia habari za wanawake wa ukoo wa mtawala mzee, Kasongo Rushie, waliotekwa zamani wakapelekwa mbali. Akadai kwamba mmoja wao ndiye bibi yake, kwa hiyo yeye ni damu ya ukoo ule. Mzee akampokea na kumwachia utawala. Katika kikundi chetu tulipofika hapo tulicheka, maana ni ujanja wa kweli, na umesimuliwa kwa ufundi. Mwenzetu mmoja peke yake hakucheka. Aliuliza: huyo mwanamke je? Hatukuwa na jibu, kwa sababu kitabu hakina jibu. Utekwa wake ni ngazi tu ya mtu mwingine kupandia kwenye kiti. Iwe alikuwa bibi yake kweli au la, maisha yake hayasimuliwi.

Wahenga walisema msema pweke hakosi. Katika nakala yetu ya Kamenge Tippu Tip anasema pweke. Na hapa ndipo ilipo hoja yangu juu ya vitabu vya zamani vinavyopigwa chapa upya. Katika matoleo niliyoyataja, mhariri anazungumza na msomaji kwa Kijerumani, kwa Kiingereza au kwa Kifaransa. Msomaji wa Kiingereza anapewa utangulizi unaomweleza biashara ya nyakati zile. Msomaji wa Kifaransa anapewa tanbihi ukurasa baada ya ukurasa. Msomaji wa Kiswahili, mwenye lugha ya kitabu, anapewa sauti ya mwandishi peke yake. Ni kana kwamba Kiswahili ni lugha ya kutoa ushahidi, na lugha za kuupima ushahidi ni nyingine.

Kwetu Burundi jambo hili si la kitaaluma tu. Muhammed bin Khalfan, anayejulikana kwa jina la Rumaliza, alikuwa mshirika wa Tippu Tip na makao yake yalikuwa Ujiji. Alijaribu kuingia nchi hii katika enzi ya Mwami Mwezi Gisabo, naye akazuiwa. Tangu hapo neno Mswahili limebeba mashaka vilimani. Wengi wetu tumelisikia likitumiwa kumaanisha mtu mjanja, asiyeaminika. Tulipokuwa tukijadili kitabu, ndugu mmoja aliyekulia Buyenzi alisema Tippu Tip ni fahari ya Waswahili, aliyewafanya Wazungu wamhitaji hadi wakampa ugavana wa Stanley Falls mwaka 1887. Ndugu mwingine, wa mkoani, alijibu kwamba kitabu kama hiki hakikufaa kuchapwa tena kabisa. Waliendelea hivyo hadi giza likaingia, na kila mmoja aliondoka na lake.

Siwezi kukubaliana na yeyote kati yao. Kukizuia kitabu kunatunyima ushahidi uliotoka kinywani mwa mtendaji mwenyewe. Kukisoma bila maelezo kunamwacha mtendaji awe pia hakimu. Na wa Buyenzi hapaswi kubebeshwa makosa ya msafara uliopita zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kama vile asivyolazimika kuyageuza makosa hayo kuwa fahari ili ajitetee. Tanbihi nzuri ingewasaidia wote wawili. Ingetaja Rumaliza alikuwa nani, wapagazi walikuwa akina nani, na ingeeleza kwamba Kiswahili kinachosemwa leo kuanzia Kasongo hadi Uvira, ng'ambo ya ziwa letu, kilienezwa kwa sehemu kubwa na misafara hiyo hiyo.

Njia nyingine ni kusoma kitabu kimoja kikijibiwa na kingine. James Mbotela, aliyetoka katika familia ya watumwa walioachwa huru na kuwekwa Freretown karibu na Mombasa, alichapisha Uhuru wa Watumwa mwaka 1934. Kitabu hicho kinawapa sauti wale ambao katika Maisha ni mizigo. Nacho kina upande wake: wahakiki wamekilaumu kwa kuwasifu mno Waingereza na kuitupa lawama yote kwa Waarabu. Ndiyo maana vifae kusomwa pamoja. Mmoja ananyamazia watumwa, mwingine ananyamazia makosa ya waliowakomboa, na msomaji mwenye vitabu vyote viwili anaanza kusikia kimya cha kila upande.

Najua hatari ya pendekezo langu. Maelezo yanaweza kugeuka mahubiri, mhariri akamkemea mwandishi kila aya hadi msomaji achoke. Tanbihi haiko kwa ajili ya kumhukumu Tippu Tip. Kazi yake ni kumpa msomaji wa Kiswahili kile ambacho msomaji wa Kifaransa anacho tangu mwaka 1974.

Sisi tunaweza kuanza. Kitabu kimegawanywa katika aya fupi. Nimewaomba wenzangu kila mmoja achukue aya kumi, aandike maelezo yake kwa Kiswahili, na tuyabandike mwishoni mwa fotokopi yetu. Yule aliyeruka kurasa za Kiingereza amekubali kulipia karatasi. Mimi nimechagua aya za Utetera. Sidhani nitamjua yule mwanamke, lakini nitaandika kwamba alikuwapo, na kwamba kitabu hakikumuuliza.