Winchi ya Malmö

Wanaousifu mtaa wa Västra Hamnen, mjini Malmö, Sweden, hutaja umeme wake wa upepo na jua, na mifereji ya wazi ipokeayo maji ya mvua. Sifa hizo ni za haki. Walakini, hapo ndipo palipokuwa na karakana ya meli ya Kockums, ambayo winchi yake kubwa ilikuwa alama ya mji mzima. Mwaka 2001 yalifunguliwa pale maonyesho ya nyumba, Bo01. Mwaka uliofuata winchi ile, iliyouzwa kwa dola moja (ndiyo, moja tu), ikasafirishwa hadi Ulsan, Korea Kusini. Mwaka 2005 ukakamilika mnara wa makazi wa mita 190, nao ndio alama ya sasa. Mpango uliokumbuka hata maji ya mvua ulimsahau mjenzi wa meli: nyumba za Bo01 zilikuwa ghali kupita uwezo wake.