Winamp na Kiboko: Uhakiki wa Utani Ndani ya Programu ya Kompyuta

Utangulizi

Wahakiki wa Kiswahili tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na ushairi, na baadhi yetu tumefika hadi kwenye misemo ya kanga na maandishi ya matatu. Programu za kompyuta tumewaachia mafundi. Makala haya yanaitazama programu moja, Winamp, kama tunavyoitazama kazi nyingine yoyote ya sanaa: ina mtunzi, ina fani, ina maudhui, na ina hadhira. Hoja yetu ni kwamba utani uliomo ndani yake haukuwa pambo. Ndio uliomjulisha mtumiaji kwamba nyuma ya dirisha lile yupo mtu. Jambo hili linatuhusu walimu na wanafunzi wa Kiswahili, kwa sababu Kiswahili tunachokutana nacho kwenye mashine, kwa sehemu kubwa, ni cha kuamuru: hifadhi, funga, futa, ingiza nywila.

Mtunzi na mazingira yake

Winamp ni programu ya kupigia muziki kwenye kompyuta ya mezani. Ilitoka kwa mara ya kwanza mwezi wa Aprili 1997. Mtunzi wake mkuu, Justin Frankel, alikuwa kijana wa miaka 18 wa mji wa Sedona, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, ambaye alikuwa ameacha masomo ya chuo kikuu. Wasomaji wetu waliopitia vibanda vya intaneti katika miaka ya 2000 bila shaka wanaikumbuka.

Utani unaanza kwenye jina la kampuni. Frankel aliiita Nullsoft. Kampuni iliyotawala soko la kompyuta wakati huo, na ambayo bado ni miongoni mwa kampuni kubwa kabisa duniani, inaitwa Microsoft, na sehemu ya kwanza ya jina hilo ina maana ya kitu kidogo sana. "Null" ni sifuri, si kitu. Kijana huyu ni kama anasema: ikiwa jitu linajiita Dogo, basi sisi tutajiita Bure Kabisa. Hii ni kejeli ya mnyonge kwa mwenye nguvu, ile ile ya sungura katika ngano zetu. Hata malipo yalifuata roho hiyo. Mtumiaji aliombwa dola 10, lakini asiyelipa hakufungiwa kitu.

Fani

Dirisha la Winamp lilikuwa dogo, pikseli 275 kwa 116, na lilichorwa lifanane na redio ya kuchomeka, yenye vitufe na taa za kijani. Kilichowavuta watu zaidi ni "ngozi" zake. Sura yote ya programu ilitokana na faili chache za picha. Mtu yeyote mwenye programu ya kuchorea aliweza kuzifungua, kuzichora upya na kuipa Winamp sura aitakayo: ya mbao, ya chuma kilichoshika kutu, ya timu yake ya mpira. Hakuhitaji kujua lugha ya programu hata chembe. Zilitungwa ngozi kwa makumi ya maelfu. Hapa hadhira iligeuka kuwa mtunzi mwenza, kama vile katika fasihi simulizi msikilizaji anavyodakia kiitikio na kukiongezea lake.

Fani ya pili ni siri. Mtumiaji alipoandika neno "nullsoft" juu ya dirisha hilo, maandishi ya juu yalibadilika na kuonyesha kauli mbiu ya programu. Lakini kitufe cha L kilikuwa kimepewa kazi ya kufungua faili, kwa hiyo kila alipofika kwenye L alipaswa kufunga kidirisha kilichochomoza, kisha aendelee. Siri hii haina faida yoyote ya kikazi. Ni kitendawili. Anayekifumbua anaingia katika kundi la wajuao, na anapomwonyesha mwenzake, programu inakuwa na jambo la kusimuliwa.

Fani ya tatu ni sauti. Mara tu baada ya kuwekwa kwenye kompyuta, programu ilikuwa na faili fupi la majaribio, ambamo mtangazaji mwenye sauti nzito ya redio alitamka kwamba Winamp humtandika llama bakora za makalioni. Llama ni mnyama wa milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, jamaa wa ngamia. Hana uhusiano wowote na muziki. Usemi huo una asili katika tungo za Wesley Willis, mwanamuziki wa Chicago aliyefariki mwaka 2003. Sauti ya kitangazaji rasmi ikibeba maneno yasiyo na maana: hiyo ndiyo mbinu ya kinyume.

Hatuna budi kutaja dosari. Maandishi ya dirisha lile yalikuwa madogo mno, na mwenye macho dhaifu alitaabika. Ngozi nyingi zilikuwa nzuri kwa kutazama na mbovu kwa kutumia, kwani vitufe havikuonekana. Na mzaha wa makalio ni mzaha wa wavulana. Hauchekeshi mara ya kumi. Hata hivyo, mzaha dhaifu wa mtu unamtambulisha mtu huyo kuliko usahihi usio na mwenyewe.

Maudhui

Je, utani huu ulisema nini? Ulisema kwamba programu ina mwenyewe, na kwamba mwenyewe huyo yuko karibu nasi. Ushahidi mzuri ni suala la namba. Mwaka 2002 lilitoka toleo la 3. Lilikuwa zito, na watumiaji wengi walirudi kwenye toleo la 2. Mwaka uliofuata watunzi walichukua yaliyo mema ya pande zote mbili, wakaruka namba 4 na kuliita toleo jipya Winamp 5, kwa sababu mbili na tatu ni tano. Hesabu hiyo ni mzaha, lakini pia ni kukiri. Katika neno moja watunzi wanasema: tuliteleza, tumesikia, tumerudi. Ni kampuni ngapi zinazoweza kuomba radhi kwa ufupi huo bila kumchosha mteja?

Lakini utani unataka uhuru, na uhuru ule ulikuwa tayari umeuzwa. Mwaka 1999 kampuni ya AOL ilinunua Nullsoft pamoja na kampuni nyingine ya muziki, kwa hisa zilizokadiriwa kuwa na thamani ya dola milioni 400 kwa jumla. Mwezi wa Machi 2000, Frankel na mwenzake Tom Pepper walitoa Gnutella, programu ya kubadilishana mafaili moja kwa moja kati ya kompyuta na kompyuta. AOL, iliyokuwa mbioni kuungana na Time Warner, mmiliki wa biashara kubwa ya muziki, iliiondoa ndani ya siku moja. Mtani alikuwa amepata mwajiri. Frankel aliondoka mwaka 2004, na baadaye akaanza upya na programu ya kurekodia muziki iitwayo REAPER.

Winamp yenyewe ilitangazwa kufungwa mwaka 2013, ikauzwa mwaka 2014, ikaendelea kuwepo. Mwezi wa Septemba 2024 wamiliki wake walifungua msimbo wa programu hadharani, lakini kwa masharti yaliyowakataza watu kusambaza matoleo waliyoyabadilisha. Lawama zikafuata, na mwezi uliofuata msimbo ukaondolewa. Linganisha na ngozi za 1998. Wakati ule mlango ulikuwa wazi na mwenyeji anacheka. Safari hii mgeni alikaribishwa, kisha akaambiwa asiguse kitu.

Tafsiri: llama aende wapi?

Tuje kwenye lugha yetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Tunaipongeza kazi hiyo, na tunaona kwamba jina lake lilianza vizuri, kwa salamu. Lakini programu za ofisi hazina mzaha wa kutafsiriwa, kwa hiyo Kiswahili hakikupimwa upande huo. Tukipime basi kwa kauli mbiu ya Winamp.

Tafsiri ya neno kwa neno haifai. Llama hafugwi kwetu, kwa hiyo msikilizaji atauliza ni nani huyo kabla hajacheka. Tukiweka punda, tunaharibu zaidi. Punda kuchapwa ni jambo la kila siku, na huzuni yake inazima kicheko. Ngamia ni jamaa wa llama, lakini ukoo pekee hauchekeshi.

Sisi tunapendekeza: "Winamp, kiboko yao!" Kiboko ni mnyama mkubwa wa majini, mwenye sura ya kuchekesha. Kiboko pia ni mjeledi, uliopata jina kutokana na ngozi ya mnyama huyo. Na katika Kiswahili cha mitaani, kiboko ni bingwa asiyeshindika. Mnyama, bakora na sifa vimo katika neno moja. Kiingereza kilihitaji sentensi nzima kuyasema hayo. Na kwa kuwa programu yenyewe ni maarufu kwa ngozi zake, ngozi ya kiboko inaongeza tabaka la nne.

Hitimisho

Hapa Uganda Kiswahili kilisikika kwa miaka mingi kama lugha ya kambini, lugha ya amri. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima. Watoto hao watakutana nacho ubaoni na, tunatumaini, kwenye kompyuta zao. Wakikikuta kote huko kikiamuru tu, watakitii darasani na kukiacha mlangoni. Lugha humkaa mtu siku anapoweza kutania kwa lugha hiyo.

Kwa walimu wenzetu tunapendekeza zoezi moja katika somo la tafsiri. Mpe mwanafunzi ujumbe wa kosa wa programu yoyote, kisha mtake auandike kwa Kiswahili mara mbili: mara ya kwanza kwa usahihi, mara ya pili kama ambavyo mtani wake angemwambia. Toleo la pili lipewe alama sawa na la kwanza, na lisahihishwe kwa ukali ule ule.