Kukarabati, Kujalidi na Kuganga: Istilahi za Vitabu vya Kale

Kwa kawaida istilahi isiyofaa humkwaza msomaji, naye akishakisia maana husonga mbele. Lakini ziko fani chache ambazo ndani yake neno lisilofaa hutekelezwa kwa mkono, na likishatekelezwa halirudi. Mojawapo ni fani ya kutengeneza vitabu vya kale. Tumeona yafaa tuyapime maneno ambayo wafasiri na watumishi wa ofisi hutumia katika fani hii, kwani kwa maoni yetu mengi yao yanapotosha.

Tuchukue mfano. Mkazi wa Mtanda, mjini Lindi, anao msahafu aliorithi kwa babu yake. Mchwa wamekula pembe zake, mshono umekatika, na jalada la ngozi limeachana na mgongo. Pambizoni babu ameandika kwa kalamu ya tete siku walizozaliwa wanawe na deni alilomwachia jirani. Mkazi huyo aupeleka kwa fundi anayetia majalada vitabu vya hesabu vya maofisi, na agizo lake ni moja: ukarabatiwe. Fundi akaukata mgongo kwa mashine ili karatasi zilingane, akasawazisha kingo tatu zilizobaki, akapaka gundi, akatia jalada jipya. Kazi ni safi, na maandishi ya pambizoni yamo katika pipa la taka.

Fundi hana lawama, kwa kuwa amefanya lile ambalo neno lilimwamuru. Kukarabati ni neno la nyumba, barabara na mitambo. Jengo hukarabatiwa kwa kuondoa kibovu na kutia kipya, na kadiri kipya kinavyong'aa ndivyo mwenye jengo anavyoridhika. Neno hili likihamishiwa kwenye kitabu cha kale huhama na desturi zake zote. Wafasiri wameliteua, bila shaka, kwa sababu lina sauti ya kiofisi. Hiyo si sababu ya kutosha.

Kuna kasoro nyingine iliyojificha katika neno ambalo hakuna anayelitilia shaka, nalo ni ukurasa. Katika Kiarabu kurrasa ni fungu la karatasi, mara nyingi tano, zilizokunjwa katikati na kutiwa moja ndani ya nyingine. Kitabu ni mafungu ya namna hiyo yaliyoshonwa katika mkunjo, moja baada ya jingine. Waswahili walilipokea neno, wakalisikia kuwa ni la wingi, kama kuta au funguo, wakalitolea umoja wake. Maana nayo ikateremka, kutoka fungu la karatasi tano hadi upande mmoja wa karatasi moja. Lugha hukopa ipendavyo, nasi hatuna haki ya kuidai neno lake. Hasara ni kwamba kile kitu cha kwanza kimebaki bila jina, na maagizo yanayosema "unganisha kurasa" yanamwelekeza msomaji kwenye karatasi mojamoja zilizorundikwa. Karatasi zilizorundikwa hazina pa kushonwa. Zitatiwa gundi tu. Hatudai kwamba asiye na neno hana macho. Mafundi wengi walijua fungu hilo kwa vidole vyao. Tunasema tu kwamba maagizo ya maandishi hayawezi kulitaja, na siku hizi kazi huagizwa kwa maandishi.

Tuliite nini, basi? Juzuu limeshashikwa na zile sehemu thelathini za Kurani, tena wachapaji hulitumia kwa kitabu kimoja katika mfululizo. Kitita hutaja wingi bila kutaja kukunjwa. Noti za benki nazo ni kitita. Sisi twapendelea mkunjo: "fumua mishono, tenga mikunjo, ihesabu kabla ya kugusa gundi." Agizo hili fundi cherehani wa Lindi angelielewa bila kufafanuliwa. Ama kwa jani zima lenye kurasa mbili, gombo lingefaa, ila wafasiri wa Biblia wamelitumia kwa kitabu cha kuviringishwa. Hilo tunaliacha mjadalani.

Sehemu nyingine za kitabu hazitupi shida. Jalada la Kiislamu lina kipande cha ziada upande wa kushoto, kinachofunika kingo za mbele. Waarabu hukiita ulimi kwa lugha yao, na ulimi kwa Kiswahili hausumbui mtu. Juu na chini ya mgongo hushonwa utepe wa nyuzi za rangi mbili unaopanda na kushuka kwa pembe. Aliyewaona wanawake wa pwani hii wakisuka ukindu ataona mara moja kwamba huo ni ukili. Gundi pia ina jina la zamani, sherisi, ambalo kamusi zimelibakiza kwa maseremala. Wajalidi wa Kiarabu walikuwa na unga wa mzizi wa jina lililo karibu na hilo, ashras, uliokorogwa kwa maji kuwa gundi ya kujalidia.

Kujalidi nalo ni neno halali, limo katika kamusi za zamani, na maana yake ni kutia jalada. Lakini ndiyo maana yake yote. Kitabu kinaweza kujalidiwa bila kuponywa, kama tulivyoona katika msahafu wa Mtanda, na kinaweza kuponywa bila kujalidiwa upya. Kwa huko kuponya tunapendekeza kuganga. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalo kwa maana ya kufunga na kuunga kilichovunjika, na gango ni kile kinachoungia. Tunajua watakaocheka, wakimkumbuka mganga. Wacheke, lakini watuoneshe neno jingine linalosema kwamba mgonjwa ni yuleyule kabla na baada ya tiba. Baada ya mafuriko ya Florence ya mwaka 1966, yaliyozamisha vitabu vingi mno, mafundi wa nchi mbalimbali walizidi kushikilia kanuni kwamba kila kinachotiwa katika kitabu kiweze kutolewa bila madhara: gundi ya wanga inayolainika kwa maji, kiraka cha karatasi nyembamba ya Kijapani, wala si selotepu, ambayo baada ya miaka huacha doa la manjano. Kanuni hiyo tumeiona ikifasiriwa kwa sentensi nzima. Kiswahili kinaisema kwa neno moja: ifumulike.

Pwani hii haina vitabu vya kupoteza. Habari za wafalme wa Kilwa zimetufikia kwa maandishi ya Mreno João de Barros, yaliyochapwa mwaka 1552, na kwa nakala ya Kiarabu iliyonakiliwa mwaka 1877, ambayo sasa iko London. Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, mshairi wa Lindi, ulipona kwa kuchapwa mwaka 1933 na tena mwaka 1957. Hati kama hizo tumezoea kuziita miswada, yaani rasimu, neno lilelile la sheria isiyopitishwa na Bunge. Karani wa masjala aambiwaye kwamba kabatini mna miswada ya zamani ana haki ya kuuliza kwa nini isitupwe, maadamu sheria zenyewe zimekwisha kupita. Hati za mkono ni ndefu kidogo, lakini haziombi kutupwa.

Mapendekezo haya ni ya mezani. Walimu wa vyuo vya Kurani walioko Kilwa Kivinje, Lindi na Mikindani, ambao waliwaona wazee wao wakishona misahafu, huenda wanayo maneno yaliyo bora kuliko mkunjo na ukili. Tunawaomba watuandikie, na pamoja na kila neno waeleze kitu chenyewe kilivyo, kilitengenezwa kwa nini, na nani aliyelitumia neno hilo.