Macho Kwenye Lifti

Nilipoitazama The Silence of the Lambs kwa mara ya kwanza, nilikuwa msichana pekee ndani ya banda la video. Ilikuwa likizo ya kidato cha tatu. Nilikuwa nimeteremka kutoka Mbinga kwenda kwa shangazi, Mbamba Bay, na binamu yangu akanilipia kiingilio. Filamu haikutafsiriwa, ile sauti tuliyoizoea ya mtu mmoja anayeigiza wahusika wote kwa Kiswahili haikuwepo. Nusu ya maneno yalinipita. Niliogopa vilevile.

Wengi wanaoisifia filamu hii ya Jonathan Demme ya mwaka 1991 huanza na Hannibal Lecter, daktari wa akili anayekula watu. Anthony Hopkins alipata Oscar kwa nafasi hiyo, ingawa anaonekana kwa muda mfupi. Filamu yenyewe ilizoa tuzo zote 5 kubwa: filamu bora, mwongozaji, mwigizaji wa kiume, mwigizaji wa kike na muswada.

Lakini hofu inaanza kabla Lecter hajaonekana. Clarice Starling, mwanafunzi wa FBI aliyeigizwa na Jodie Foster, anaingia kwenye lifti iliyojaa wanaume wenye fulana nyekundu, wote wamemzidi kimo. Hakuna anayemgusa. Baadaye, kwenye chumba cha maiti, anabaki peke yake katikati ya askari wanaomkodolea macho. Hakuna kosa lililotendeka, na bado unatamani atoke.

Hapo ndipo ulipo ujanja wa Demme. Wanaozungumza na Clarice mara nyingi wanatazama kamera moja kwa moja, kwa hiyo wanakutazama wewe. Clarice mwenyewe anatazama pembeni kidogo. Mtazamaji, hata awe mvuvi mwenye kifua kipana, anawekwa kwenye nafasi ya msichana anayepimwa kwa macho. Lecter anatisha kwa sababu yuko nyuma ya kioo, hawezi kumshika, na bado anamfikia hadi utotoni mwake.

Sidi ilikwama katikati. Taa ikawashwa, vichwa vikageuka, wakanitazama. Mmoja alimuuliza binamu kama nitalala usiku huo. Wakacheka. Taa ikazimwa.

Ndipo ikaja ile sehemu ya chini ya nyumba. Muuaji amezima umeme, amevaa miwani ya kuonea gizani, na sisi tunaona kwa macho yake. Clarice anapapasa ukuta. Mkono wa muuaji unanyooka karibu kabisa na uso wake. Filamu nzima, Demme ametuketisha alipo Clarice. Sasa ametuhamisha bila kutuuliza. Banda zima lilinyamaza. Nadhani kwa dakika ile kila mwanaume mle ndani alijiona.

Nina lawama moja. Mwishoni Lecter yuko huru, na watu walishangilia. Haiba yake inatusahaulisha wasichana waliouawa, ambao filamu yenyewe ilijitahidi tuwaone kama watu.

Tulirudi kwa njia ya ufukweni, tukipita chanja za usipa. Karabai za wavuvi zilikuwa zikiwaka ziwani. Nyuma yetu kulikuwa na sauti za wanaume waliotoka bandani. Nilimwomba binamu atembee nyuma yangu.

“Unamwogopa Lecter?” akauliza, akicheka.

Nikasema ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.